Perege wa Chande na Sheria ya Kinywa

Hapo zamani, siku ambazo masultani walikuwa wengi kuliko visima, palikuwa na mji uitwao Mangwena, mbali na bahari na mbali na mto, na Sultani wake aliitwa Mwinyi Vuai. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya, maana ubaya nao unataka juhudi. Alikuwa mtu wa kula vizuri na kulala vizuri, na kila alichokula alikipata kwa njia moja tu, nayo ni ushuru. Mwenye kuku alitoa ushuru wa kuku, mwenye mgomba alitoa ushuru wa ndizi, aliyeoa alitoa ushuru wa furaha na aliyefiwa alitoa ushuru wa sanda. Hata zawadi iliyotoka mkononi mwa Sultani mwenyewe ilitozwa ushuru kabla haijalala nyumbani kwa aliyepewa, na wakubwa wa mji walisema huo ndio uadilifu, kwamba hapendelewi mtu.

Walakini palikuwa na sheria moja iliyowalinda raia, nayo ilichongwa juu ya mlango wa kasri. Yasemekana kuwa mwaka wa njaa kuu, watoza ushuru waliingia nyumba ya mjane mmoja, wakamkuta na tonge mdomoni, wakalitoa kwa kidole. Mji mzima ukainuka kwa hasira, na sultani wa siku hizo akakimbia, hata leo halijulikani kaburi lake. Ndipo babu yake Mwinyi Vuai alipokalishwa kitini, naye hakukalishwa bure, ila aliapa kwanza mbele ya watu maneno haya: Kilichomo kinywani hakitwaliwi, wala mwenye kinywa hachukuliwi kwa ajili yake, lakini kikitoka mbele ya mtoza ushuru, naye akakiokota, ni cha Sultani. Basi usultani wote ulisimama juu ya maneno hayo, na kila Ijumaa Mwinyi Vuai aliyasoma kwa sauti kubwa kabla ya kula.

Ikawa watu wa Mangwena, kama walivyo watu popote, wakajifunza kuishi ndani ya sheria. Mtoza ushuru akipiga hodi, kila mmoja hutia kinywani anachokipenda. Wanawake walitia vipini vya pua na pete, wanaume walitia sarafu, na mzee mmoja alitia yai bichi akakaa nalo toka adhuhuri mpaka alasiri. Watoza ushuru nao hawakuwa wajinga. Walijua kuwa kusalimu ni sunna na kuitikia ni wajibu, basi wakiingia tu husema, "Asalaam aleikum," kisha husimama kwa adabu wakingoja, na kitambaa wamekikinga chini ya kidevu cha mwenye nyumba. Kinachoanguka ndicho wanachookota. Ndiyo sababu watu wa mji ule wakajifunza kuitikia salamu kwa pua, na wageni waliopita Mangwena walikwenda kusimulia kwao kuwa kuna mji una mafua yasiyokwisha.

Basi katika mji huo alikaa mtu aitwaye Chande, maskini wa kutupwa, pamoja na mkewe Mize. Nyumba yao ilikuwa gofu la tajiri mmoja wa kale, chumba kimoja tu ndicho kilichosalia na paa, lakini uani palikuwa na birika kubwa la mawe ambalo zamani lilikuwa la kuogea. Birika lilikuwa na nyufa, Chande akaziziba kwa chokaa, akalijaza maji ya mvua. Kisha akachukua mtungi, akatembea kutwa nzima hadi mtoni, akarudi nao kichwani umejaa maji, na ndani ya maji mlikuwa na perege wachache, samaki wale wenye mapezi ya miiba mgongoni ambao ukiwakaanga hunukia mtaa mzima.

Langoni mwa mji alikutana na Sururu, mkuu wa watoza ushuru, mtu mrefu mwenye kivuli kirefu zaidi.

Sururu akasema, "Umebeba nini, ewe Chande?"

Chande akajibu, "Maji, bwana wangu."

"Unatoka mtoni na maji, na mjini kisima kipo?"

"Haya yana ladha, bwana wangu."

Sururu akacheka sana, akachota kata moja ya maji iwe ushuru, akayamwaga chini, akampisha.

Tangu siku hiyo Chande hakuwa na kazi nyingine. Aliomba pumba kwa wanawake watwangao mpunga, aliokota ukoko kwenye masufuria ya majirani, na mvua zikinyesha alikimbizana na kumbikumbi kama mtoto, vyote akavitia birikani. Maji yakageuka rangi ya kijani, na watu wakamwambia ayamwage maana yameoza, yeye akasema hayo ndiyo mchuzi wao. Mize aliyachota kidogo kidogo akamwagilia mchicha na bilingani alizopanda kando ya ukuta, na mboga zile zikastawi mpaka mbuzi wa jirani wakawa wanakonda kwa kuzitazama tu. Kila asubuhi Chande alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akachota maji ya birika kwa mtungi, akayamimina tena birikani kutoka juu.

Jirani akichungulia ukutani humwuliza, "Chande, unamwaga maji ndani ya maji?"

Naye hujibu, "Nayapa pumzi. Yamelala vibaya."

Basi wakamwita Chande Mwagamaji, na wakamhesabu katika wajinga. Na mtu akishaitwa mjinga katika mji wa werevu, hupata nafasi nzuri ya kufanya kazi zake.

Perege wakazaana. Chande na Mize, ambao hawakuruzukiwa mtoto, wakawa wanakula wakashiba, na jirani aliyekuja na kibaba cha unga aliondoka na samaki. Mize alizoea kukaa ukingoni mwa birika jioni akiwasemesha samaki wake, na alipowatazama uso wake ulilainika. Walakini siri ya chungu huvunjwa na harufu. Siku moja upepo ulivuma kuelekea kasrini, na Sultani akainua pua kutoka katika sinia la wali, akasema, "Nani anakaanga samaki katika mji wangu, nami nakula kuku?"

Haukupita muda Sururu akapiga hodi kwa Chande pamoja na watu wake. Akasema, "Asalaam aleikum." Chande akaitikia kwa kinywa kitupu, wazi kabisa, maneno yote yakatoka, na Sururu akaona hapo pana hila, maana hajapata kuitikiwa hivyo tangu aanze kazi. Akaingia uani, akaliona birika.

Akasema, "Chande, hawa ni samaki."

"Ndio hao, bwana wangu."

"Na ushuru wake?"

"Sijui kipimo chake. Wewe ndiwe mjuzi."

Sururu akafikiri, akasema, "Kipimo cha samaki hakimo katika desturi yetu. Basi nitawachukua wote kwanza, kisha tutazungumza habari ya kipimo."

Wakavua kwa nyungo na chandarua. Mize alisimama pembeni akilia, wala hakuificha sauti yake. Wakatoa wote, wakubwa kwa wa kadiri, mpaka akabaki mmoja tu, perege jike, mwembamba, tumbo limeingia ndani, na mashavu yamemvimba. Sururu alimshika mkononi, akamgeuzageuza, akambonyeza kwa dole gumba. Yule samaki akafumba kinywa barabara.

Sururu akasema, "Huyu ana ugonjwa wa mashavu. Hana nyama. Nikimpelekea Sultani atasema nimemletea mwiba." Akamtupa birikani.

Mize akafungua mdomo apate kusema neno, na Chande akamkanyaga kidole cha mguu. Mize akafunga mdomo, akafahamu, akaendelea kulia, ila safari hii alilia kwa adabu tu.

Maana perege ana desturi yake. Jike akishataga, huyakusanya mayai yote kinywani, akayatunza humo mpaka yaanguliwe, na vitoto vikianguliwa hukaa humo humo. Vikipata nguvu hutoka kucheza mbele ya pua ya mama yao, na vikiona hatari hurudi mbio, mama akafungua kinywa, vikaingia vyote. Siku zote hizo mama hali kitu. Chande alikuwa akilitazama jambo hilo kila siku, na Sururu alikuwa amelishika mkononi.

Huko kasrini Sultani akala perege wa kukaanga, akala wa nazi, akala wa kupaka. Wachache waliosalia akawaweka katika birika la marumaru, na kwa kuwa alitaka kuwatendea wema, akaamuru maji yasuguliwe yawe safi kama kioo, yatiwe marashi, na samaki walishwe halua. Wakafa wote wakinukia vizuri.

Mvua zikapita, jua likapita, na vuli ikaanza kunyesha. Siku moja Sultani akiwa katika sinia la wali, harufu ile ikaja tena. Akasimama hata wali ukamwagika. Akasema, "Sururu, uliniambia uliwatoa wote."

Sururu akasema, "Maulana, niliwatoa wote mbele ya mashahidi. Ikiwa wako wengine, basi mtu yule aliwaficha. Na anayeficha mali isitozwe ushuru, adhabu yake inajulikana: nyumba na vilivyomo ni vya Sultani, naye hutolewa mjini."

Basi Chande akaletwa barazani, na Sultani alikuwa ameghadhibika, nusu kwa dharau aliyotendewa na nusu kwa njaa.

Sultani akasema, "Ewe Chande, samaki walioko sasa katika birika lako walitoka wapi?"

"Walikuwamo, Maulana."

"Walikuwamo siku ile Sururu alipovua?"

"Walikuwamo."

"Naye hakuwaona?"

"Hakuwaona, Maulana."

"Basi uliwaficha."

"Sikuwaficha mimi. Aliwaficha mama yao."

Wakubwa wa baraza wakatazamana, na mmoja wao akainamisha uso ili asionekane akicheka. Sultani akaona anafanyiwa mzaha.

Akasema, "Vema. Sikiliza amri yangu. Kabla ya sala ya Ijumaa utanionyesha huyo aliyewaficha samaki, na chombo alichowafichia, tena awafiche mara ya pili mbele ya macho yangu na macho ya Sururu, naye Sururu asiweze kuwatwaa. Ukiweza, birika ni lako. Usipoweza, birika ni langu, nyumba ni yangu, na wewe na mkeo mtatoka mjini na nguo mlizovaa."

Sururu akatabasamu, maana katika maisha yake hajapata kuona kitu ambacho hakuweza kukitwaa.

Chande akainama, akasema, "Sikio limesikia. Ila yule aliyewaficha hana miguu, Maulana, wala hawezi kutoka nyumbani kwake akaishi. Ikiwa baraza litahamia kwangu, nitashukuru."

Sururu akasema, "Sultani aende akakae kwenye mchicha?"

Sultani akainua pua. Harufu ilikuwa bado ipo. Akasema, "Nitakwenda."

Chande aliporudi nyumbani alimkuta Mize amekaa ukingoni mwa birika, mkono wake umo majini, na perege wanagusa vidole vyake. Alipomweleza, Mize hakulia, na hilo likamtia Chande hofu zaidi.

Mize akasema, "Tukitolewa hapa, mtungi mmoja utabeba samaki wangapi?"

"Hatutatolewa."

"Wewe huwaambia watu hivyo hata paa likianguka. Niambie kweli. Huyu mama, aliyejaza kinywa tena, Ijumaa atakifungua?"

"Atafungua. Vitoto vyake vimekwisha kupata nguvu, jana vilitoka kucheza."

"Na vikishatoka, nani atavirudisha ndani Sultani avione? Samaki haamriwi, mume wangu."

Chande akasema, "Hiyo si kazi yangu. Hiyo ni kazi ya Sururu."

Mize akamtazama sana, kisha akacheka kidogo kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaenda kuchuma mchicha, maana wageni ni wageni hata wakija kukunyang'anya.

Ijumaa ikafika. Sultani akaja kwa ngoma na mwavuli, na nyuma yake mji mzima, wengine wakaingia uani na wengine wakapanda juu ya ukuta. Na kwa kuwa Sururu alikuwapo, kila mtu alikuja na mashavu yaliyojaa. Chande akawakalisha wote hatua chache kutoka birikani, kwenye kivuli cha ukuta, akawaomba wanyamaze. Watu walinyamaza kwa urahisi, hawakuwa na nafasi ya kusema. Mwenye taabu alikuwa Sultani, kwa kuwa kunyamaza ni kazi asiyoizoea, lakini akajitahidi.

Wakakaa. Maji yalikuwa ya kijani na yametulia. Punde yule perege jike mwembamba akapanda taratibu mpaka karibu na uso wa maji, akafungua kinywa, na mbele yake pakatokea kitu mfano wa mvuke wa chungu, kikatapakaa, na walipokaza macho wakaona ni vitoto vya samaki, vidogo kuliko punje za mchele, vinacheza mbele ya pua ya mama yao.

Sultani akasahau usultani wake, akanong'ona, "Subhana Llahi."

Chande akasema kwa sauti ndogo, "Huyo ndiye mfichaji, Maulana. Na chombo chake umekiona kinafunguka. Sasa namwomba Bwana Sururu aje afanye kazi yake."

Sururu akaruka. Akasema, "Vimetoka mbele yangu, watu mashahidi, na sasa naviokota!" Akakimbilia birikani na chandarua mkononi. Lakini jua lilikuwa mgongoni mwake, na kabla mkono wake haujafika, kivuli chake kilifika. Vitoto vyote vikageuka kwa pamoja, mama akafungua kinywa, vikaingia, akafumba. Chandarua kikatoka na majani mawili.

Chande akasema, "Na huko ndiko kuficha mara ya pili."

Sururu hakukubali. Akasimama pale pale ukingoni, akasema atangoja. Akangoja. Jua likampiga, jasho likamtiririka, na perege akamtazama kwa jicho moja, kinywa kimefumbwa. Kadiri alivyosimama ndivyo kivuli kilivyokaa, na kadiri kivuli kilivyokaa ndivyo vitoto vilivyobaki ndani. Mwisho mtu yule, kwa kuwa hakuwa na elimu nyingine ila ile ya kazi yake, akakinga chandarua chini ya kidevu cha samaki, akainama kwa adabu, akasema kwa sauti kubwa, "Asalaam aleikum."

Samaki hakujibu. Lakini mji mzima, uliokuwa uani na juu ya ukuta, kwa mazoea ya miaka mingi, ukaitikia kwa pua.

Ikatoka sauti nzito, ya watu wengi pamoja, isiyo na neno hata moja ndani yake. Mwinyi Vuai hajapata kuisikia. Yeye alikuwa akikaa kasrini, na yaliyotokea milangoni mwa watu aliyasikia kwa Sururu. Akageuka, akatazama nyuso zile, mashavu yote yamevimba, midomo yote imefumbwa.

Akasema, "Sauti gani hiyo?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyeweza kujibu.

Chande akasema, "Ni raia wako, Maulana. Wanaitikia salamu."

Sultani akawatazama tena. Sururu naye, kwa kuona mambo yanamponyoka, akasema, "Maulana, usipotezewe wakati. Nitamtwaa mama mwenyewe, na vilivyomo ndani yake vitakuja pamoja naye."

Chande akasema, "Juu ya mlango wa kasri imeandikwa: wala mwenye kinywa hachukuliwi kwa ajili yake. Lakini mimi ni mjinga, sijui kusoma vizuri. Maulana huyasoma maneno hayo kila Ijumaa, na leo ni Ijumaa."

Watu wa ukutani wakasogea mbele kidogo, bila kusema. Sultani akawaona waliposogea. Akakumbuka tonge la mjane, akakumbuka kaburi lisilojulikana lilipo. Akasema, "Sururu, weka chini chandarua."

"Na wale wakubwa waliomo birikani sasa, Maulana? Wale ambao harufu yao ilikufikia? Hawamo kinywani mwa mtu!"

Chande akasema, "Wale walikuwa kinywani siku ya ushuru. Bwana Sururu mwenyewe alimshika mama yao, akambonyeza mashavu, akamrudisha majini kwa mkono wake. Kilichomo kinywani hakikutwaliwa. Mimi nasema katika mji huu hakuna aliyeitii sheria ya babu yako kuliko yeye."

Hapo mtu mmoja juu ya ukuta akashindwa kujizuia, akacheka, na sarafu mbili zikamtoka mdomoni zikaanguka kwenye mchicha. Mize, aliyekuwa karibu, akaziokota upesi akazitia katika kinywa chake, mpaka mwenyewe atakaposhuka.

Lakini Sultani alikuwa bado anamtazama yule samaki. Akasema, "Ewe Chande, nieleze jambo moja. Samaki wako wengine ni wanene. Huyu kinywa chake kimejaa siku zote, mbona amekonda?"

Chande akasema, "Amekonda kwa sababu hamezi, Maulana. Wanawe wote wamo kinywani mwake, naye ana njaa, na kumeza ni jambo rahisi, lakini hamezi. Ndiyo desturi ya huku birikani. Desturi za kasrini mimi sizijui."

Sultani akaangalia tumbo lake, ambalo lilikuwa kubwa, akaangalia mikono yake. Haya ikamshika waziwazi, akawa mwekundu masikio. Kisha akaondoka chini ya mwavuli, akaenda polepole mpaka birikani, huku akimwashiria Sururu aondoke na kivuli chake; vitoto vikaanza kutoka tena, naye alitaka kuviona kwa karibu. Alipofika ukingoni vikageuka vyote, vikaingia.

Akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, "Na mimi vinanikimbia?"

Chande akasema, "Usihuzunike, Maulana. Havijui cheo. Vinajua kivuli tu."

Sultani akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaketi chini kwenye udongo pamoja na watu, kando ya bilingani, akangoja. Vitoto vikatoka. Akavitazama muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na watu wakaogopa wakidhani analia, kumbe amekumbuka salamu ya Sururu kwa samaki. Akacheka mpaka kilemba kikalegea, na alipofuta machozi haikujulikana yote yalikuwa ya kicheko au la.

Akasema, "Birika ni la Chande na mkewe, na nyumba pia, na mtu asiliguse kwa ushuru wala kwa jina lingine. Amenionyesha nilichotaka, na zaidi ya nilichotaka." Akavua pete yake ya akiki, akampa Chande. Mize akamletea Sultani mchicha na perege mmoja wa kukaanga katika sahani, naye akala samaki yule taratibu, akiangalia watu, na mifupa akaiweka kando kwa heshima. Kisha akainuka akaenda zake kwa ngoma na mwavuli.

Wengine husema kuwa tangu hapo Sultani aliufuta ushuru wote. Wanaosema hivyo hawakupata kukaa Mangwena. Siku ile alikula kidogo, na siku ya pili vivyo hivyo, na siku ya tatu akala kama kawaida. Lakini Ijumaa alipoyasoma maneno ya babu yake aliyasoma kwa sauti ndogo, na ushuru wa sanda haukutozwa tena, na si haba.

Basi watu walipotawanyika, Chande alikwenda kufunga ua, akamkuta Sururu amesimama mlangoni. Alikuwa amekunja chandarua, na kitambaa chake cha kazi kilikuwa mkononi. Zawadi ya Sultani, kama ijulikanavyo, hutozwa ushuru kabla haijalala nyumbani, na pete haikutajwa katika msamaha wa birika.

Chande akaitia pete kinywani.

Sururu akakikinga kitambaa chini ya kidevu chake, akasema kwa upole, "Asalaam aleikum."

Chande akaitikia kwa pua, vizuri, kwa adabu zote. Wakatazamana. Sururu akangoja kadiri alivyoweza, kisha akakunja kitambaa, akashika njia, na kivuli chake kikamfuata. Chande alipofika birikani, vile vitoto vilikuwa nje, vinacheza.